Baba Mkwe Kaweka Vim, na Kumuuliza Siwezi

Mpendwa mshauri, pokea salamu kutoka Ngonga, naomba unisaidie maana kazi inanitoka hivi hivi naiona. Mimi ni Ikupa, mke wa Kenani, ambaye muda mwingi yuko Karonga kwenye biashara, na kazi yangu ni kompyuta ya mashine yetu ya kukoboa mpunga, inayowatumia wakulima meseji waje kuchukua mchele, sasa kompyuta hiyo aliitengeneza baba mkwe, fundi mstaafu, na kila nikitoa amri ya kubadili ratiba ya meseji inafunguka vim, programu ya kuhariri maandishi, nikiandika haiandiki, nikifuta inalia, kutoka sijui, chuoni sisi tulizoea programu nyepesi ya nano, basi nachomoa waya ukutani, ratiba inabaki ya zamani, wakulima wanafika mpunga haujakobolewa, wananitukana mimi, na kumuuliza baba mkwe siwezi, kwetu Wanyakyusa mkamwana hasemi naye, akiingia mlango huu mimi natokea ule, nikimtuma mama mkwe anarudi na "baba kasema bonyeza", bonyeza nini mama, "ah, hapo nimesahau", na juzi baba kasema waya ukichomolewa tena anaweka mtu mwingine. Kazi hii naipenda, mshauri, nimelia mpaka basi. Nifanyeje? Ndaga fijo, asante sana.

JIBU

Ikupa, pole mwanangu, lakini umeniudhi. Waya! Siku utakapoiunguza hiyo kompyuta utamtuma nani akaombe msamaha?

Sikiliza. Ukinasa humo bonyeza Esc, andika :q! kisha Enter. Umetoka. Safari nyingine, mbele ya amri yako tanguliza EDITOR=nano, uache nafasi, ndipo uandike amri yenyewe. Itafunguka nano kwa mara hiyo tu. Mpangilio wa kudumu wa baba mkwe usiuguse, akaunti ni yake na vim kaizoea.

Na wewe baba wa Ngonga, najua unasoma hapa, maana na barua yako nimeipata: "Mkamwana anachomoa waya, nami kusema naye siruhusiwi." Jamani! Mfungulie akaunti yake, na kwenye faili lake la .bashrc, linalosomwa kila anapoingia, uongeze mstari mmoja: export EDITOR=nano. Akiingia upya, kila amri itamfungulia anachokijua, na wewe utabaki na vim yako.

Kuhusu kumtoa kazini, acha kabisa. Huyo anachomoa waya kwa sababu anakuheshimu. Utakayemweka badala yake atakuuliza usoni, mbele ya wakulima: "Mzee, hili dude umeliweka la nini?"