Sahihisho kwa Msomaji Mmoja

Jumapili, tarehe 9 Juni.
Asubuhi: manyunyu tangu alfajiri, mawingu mazito upande wa mashariki, upepo hakuna.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeanza na tarehe na hali ya hewa kama ulivyonifundisha, usije ukanirudishia barua hii kama ulivyorudisha ile ya kwanza niliyokuandikia kutoka shule ya bweni, ukiwa umeandika juu yake kwa kalamu nyekundu kwamba barua isiyo na tarehe ni uvumi. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua unaitumia, au umeiweka dirishani ili Shangazi aione na anyamaze? Mwambie namwamkia sana. Soksi alizonifumia zimenifaa kwa baridi hii, ila moja ni ndefu kuliko mwenzake, sijui alikuwa anampimia nani. Mimi ni mzima. Nakula, nafanya kazi, na kila siku naandika daftari langu kabla ya kulala.

Utajiuliza kwa nini naandika ilhali simu ipo. Nimetazama daftari: nilikupigia tarehe 26 Mei, tarehe 30, na tarehe 5 mwezi huu. Mara zote tatu nilikuwa na neno la kukuambia, na mara zote tatu tuliishia kwenye goti. Basi nimeona nikuandikie, maana karatasi haiwezi kunikatiza na kuniuliza kama nimekula.

Kazini hatujambo. Bado tupo kwenye vile vyumba viwili juu ya fundi cherehani, na akianza kushona mapazia meza yangu inatetemeka hadi mistari inacheza. Najua Shangazi bado anauliza gazeti lisilouzwa ni gazeti gani. Mwambie ni lilelile: kurasa nane kila mwezi, habari za misitu, maji na wanyama, tunazigawa bure kwa shule, zahanati na ofisi za vijiji, na wanaotuchangia ni wasomaji wenyewe. Hatuna tangazo hata moja, kwa hiyo hakuna wa kutuambia habari ipi tuiache. Mhariri wetu ni yuleyule mama anayetafuta miwani iliyo kichwani mwake. Mimi bado ni msahihishaji. Kila neno hupita mbele ya macho yangu kabla ya kwenda kuchapwa, na kosa likitoroka ni mimi ninayeandika ile safu ndogo ya ukurasa wa mwisho, "Tulikosea". Mwezi uliopita tulikosea jina la samaki na umri wa mwalimu mmoja. Mwalimu hakununa. Tulikuwa tumempunguzia.

Sijawahi kukueleza habari ya kadi nyekundu, na leo inabidi. Habari ikihusu mnyama au mmea ambao watu wangependa kuuchukua, jalada lake hubanwa kadi nyekundu. Kadi hiyo maana yake ni kwamba mahali hapatajwi. Hatutaji kijiji wala mto, na picha hukatwa mpaka mlima wa nyuma usionekane. Mhariri hukata hata vivuli, anasema mtu hodari anaweza kujua upande wa bonde kwa kivuli cha jiwe. Nilipoajiriwa nilimcheka kimoyomoyo. Sasa simcheki.

Unakumbuka siku ya kwanza mwandishi wetu alipokuja huko kwako, ukampachika jina la Bwana Viatu kwa sababu alishuka bondeni na viatu vya ofisini na soli moja ikabaki kwenye tope. Jina hilo lilifika ofisini kabla yake na mpaka leo hajalivua. Ulimfanya asimame na wewe kwenye kipimo cha maji asubuhi na jioni, siku mbili nzima, kabla hujamwonyesha kobe hata mmoja. Alirudi akanieleza kila kitu, jinsi unavyowajua kwa migongo yao: Karani mwenye madoa kama ya wino, Bibi Arusi asiyetembea bila wengine nyuma yake, na Mwenyekiti, yule mkubwa mwenye gamba lililopasuka ukingoni, ambaye akikaa juu ya jiwe hashuki mpaka kikao kiishe. Alisema hajawahi kukutana na mzee anayeamini namba kama wewe na anayecheka kidogo kama wewe. Nilimwambia unacheka, ila huwa unacheka ukiwa umegeuka ukutani.

Ulimpa sharti moja tu, asiseme ni wapi. Naye alilishika. Katika habari yake yote wewe ulikuwa "mzee mmoja anayelijua bonde".

Habari ile ilifanya kazi, Baba, na nataka ulikumbuke hilo unaposoma mengine. Ilitoka tarehe 15 Aprili. Wale wa machimbo ya kokoto walikuwa wameshaweka vigingi. Walikuwa wamewaambia wakubwa kwamba lile ni bonde kavu, maji hupita masika tu, hakuna kinachoishi humo. Wiki mbili baadaye kibali chao kilisimamishwa, kikapangwa kikao cha kusikiliza pande zote, Ijumaa tarehe 21 mwezi huu. Kurasa mbili za karatasi ya bei rahisi zilisimamisha mitambo. Siku hiyo ofisini tulikunywa chai kwenye vikombe vya wageni.

Halafu ikaja tarehe 19 Mei. Sihitaji kukueleza wewe ulichokikuta kule asubuhi: mawe yamepinduliwa, majani yamelazwa, nyayo za watu watatu na hakuna kobe. Shangazi alinisimulia kwamba ulikwenda ukarudi, ukakaa kwenye ngazi na viatu vyenye tope, ukakataa chai, na kwamba hajakuona hivyo tangu tulipomzika Mama. Kisha ukampigia Bwana Viatu. Nilikuwa meza ya pili, Baba. Sauti yako ilitoka kwenye simu yake nikaisikia yote. Ulimwambia kwamba ulimfungulia mlango wa nyumba yako naye akaenda kuusimulia barabarani, kwamba ni lazima alijisifu kwa rafiki zake, na kwamba asikanyage tena kwako. Yeye alisema maneno mawili tu, "Nisamehe, mzee," akaiweka simu mezani polepole, kama kitu cha udongo.

Tangu siku hiyo sanduku la madaftari yako ya kipimo limefungwa, na Shangazi ananiambia ufunguo unalala nao. Najua kwa nini. Lakini ofisi ya maji imetujibu kwamba nakala zao ziliharibika paa lilipovuja, kwa hiyo hakuna mahali pengine duniani palipoandikwa kwamba maji ya bonde lile hayajakauka hata siku moja kwa miaka thelathini na moja, ila ndani ya sanduku lako. Bila madaftari hayo, tarehe 21 yatakuwa maneno yetu na maneno yao, na wao wana mwanasheria mwenye sauti nzuri. Mhariri alikuandikia, hukujibu. Bwana Viatu hathubutu. Mimi ndiye niliyekuwa na la kusema, nikawa nauliza habari za goti.

Jumanne iliyopita, tarehe 4, polisi walisimamisha gari dogo kwenye kizuizi cha barabara kuu. Nyuma kulikuwa na magunia mawili yaliyoloweshwa maji. Kobe kumi na wanane, Baba, kumi na sita wakiwa hai. Bwana Viatu alikwenda kuwaona kwa daktari wa wanyama anakowatunza, uani, ndani ya beseni za kufulia. Mmoja ana gamba lililopasuka ukingoni. Nilimuuliza kama ana hakika, akasema daktari alimwekea majani huku na majani kule, naye akakaa katikati bila kusogea, kama anayesubiri wajumbe watimie. Ni Mwenyekiti. Nilitaka ulijue hili kabla ya linalofuata.

Mfukoni mwa dereva walikuta ukurasa wa gazeti letu, umekunjwa mara nne. Wezi hao hawakupigia mstari habari yenyewe. Walipigia mstari maneno ya chini ya picha yako, ile ya mkono wako ulioshika ubao wa kipimo. Unayajua kwa moyo. Shangazi anasema umeyakata, ukayatia kwenye fremu, ukayatundika kando ya picha ya Mama, na kwamba siku hizi unauamkia ukuta kabla hujamwamkia yeye. "Mkono uliosoma kipimo namba saba kwa miaka thelathini na moja bila kukosa siku."

Bwana Viatu hakuandika mstari huo. Niliuandika mimi.

Daftari langu la Alhamisi, tarehe 11 Aprili, linasema: "Jioni, jua. Nimemaliza kurasa zote. Nimeongeza maneno machache chini ya picha ya Baba." Wengine wote walikuwa wameshasoma na kutia sahihi. Chini ya picha paliandikwa "Mkono wa mzee mmoja", basi. Nikautazama ule mkono. Ndio mkono ulioniamsha saa kumi na moja twende tukasome maji, ukanishikisha penseli, ukaniambia nisiandike ninachodhani bali ninachokiona. Miaka thelathini na moja ulipeleka namba ofisini na hakuna aliyewahi kukuandikia asante, na siku uliyostaafu walituma barua iliyokosea jina lako. Nikaona siwezi kuuita mkono huo wa mzee mmoja. Jina lako sikuliandika, kadi nyekundu ilikuwa imebanwa mbele yangu. Niliandika namba tu. Nilidhani namba haisemi. Mimi, mtoto wako, nilidhani namba haisemi. Orodha ya vipimo vyote imebandikwa ukutani kwenye kila ofisi ya maji, na mtu yeyote akiweka kidole kwenye saba anafika bondeni kwako bila kuuliza njia.

Nilijua tangu siku ile ulipopiga simu. Nilichukua gazeti nikasoma tena, na nilipofika chini ya picha nikaweka kidole kwenye saba. Bwana Viatu alikuwa ameshaona. Alikuja akasimama kando ya meza yangu, akasema kwa sauti ya chini, "Usimwambie mzee. Mstari huo ndio asante pekee aliyopata." Nami nikakubali, Baba. Nikakubali kwa wiki tatu, nikimwacha mtu aliyelishika sharti lako abebe hasira yako, kwa sababu niliogopa kukunyang'anya kitu kilicho ukutani, na pia, niandike ninachokiona, kwa sababu nilijiogopea mwenyewe. Nilitaka uendelee kudhani kwamba mwanao hakosei.

Ijumaa nilimweleza Mhariri. Hakunifukuza. Alitafuta miwani yake, nikamwonyesha ilipo, akasema kwamba kuanzia sasa nisisome peke yangu habari ya mtu ninayempenda. Nimelikubali hilo, ni sheria nzuri. Nikamwomba pia niandike kwenye "Tulikosea", kama tunavyofanya kwa kila kosa. Akakataa, na ana haki: nikieleza tulichokosea, nitawaonyesha njia wale wasioijua bado. Basi kosa hili halina safu. Sahihisho lake ni barua hii, na msomaji wake ni wewe peke yako.

Fremu hiyo ni yako, Baba, na uamuzi ni wako. Ukiitoa nitaelewa. Ukiiacha, ujue tu kwamba hakuna neno la uongo ndani yake. Ninaloliomba ni moja. Bwana Viatu atafika Jumanne tarehe 18 asubuhi, kwa viatu vya mpira safari hii, amenionyesha. Atasimama nje ya lango, hataingia mpaka umwite. Mpe madaftari, au uje nayo mwenyewe mkae pamoja mbele ya kikao, umsomee mwanasheria huyo miaka thelathini na moja, siku moja baada ya nyingine, kwa sauti uliyokuwa ukinisomea mimi. Bondeni huko hakuna pa kumrudisha Mwenyekiti kama kutakuwa na shimo la kokoto. Hasira yako iliyobaki iweke kwangu, ndipo ilipostahili kukaa.

Nitakuja tarehe 17 jioni, ukiniruhusu. Usipopiga simu kunikataza nitajua umeniruhusu. Mguse Shangazi bega kwa niaba yangu, na umwambie zile soksi navaa zote mbili. Chua goti.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Msoma Kipimo Mdogo

Nimeacha nafasi hapa ili nijaze kesho kabla ya kwenda posta, maana ulisema siku haijaisha mpaka iandikwe ilivyoisha.

Jumatatu, tarehe 10 Juni. Manyunyu yamekoma. Tangu tarehe 19 Mei daftari langu linaonyesha nikilala saa nane usiku, saa tisa, na mara mbili alfajiri. Jana nililala saa nne na dakika ishirini.