Sitaki Kuwa Mlezi wa Kundi

Alhamisi. Bariadi leo ni vumbi tupu, upepo haujatulia tangu asubuhi, nami nimejizungushia kanga shingoni kama mgonjwa. Siumwi tena. Daktari aliyenipasua goita amesema naruhusiwa kuimba.

Alisema pia kwamba sauti ya zamani huenda isirudi.

Haijarudi.

Tangu sijaolewa naimba sauti ya kwanza katika kundi letu la injili la wanawake wanne. Tumeimba kwenye harusi na misiba kuanzia Maswa mpaka Meatu, tumerekodi Mwanza, na watu wasiojua jina langu huniita "yule wa juu".

Leo nimerudi mazoezini kwa mara ya kwanza. Nilijaribu kupanda kwenye kiitikio, ikatoka hewa tu. Mwalimu Anna, mwimbaji mwenzetu, akatazama chini. Holo, aliyeshika nafasi yangu nilipokuwa naumwa, akaendelea kuimba. Niseme kweli, nilimwonea wivu. Anaimba vizuri.

Tulipomaliza, Kabula, mdogo wetu kuliko wote, akaniita mayu, kama anavyomwita mama yake mzazi.

"Mayu, tumeongea. Tunaomba uwe mlezi wetu. Utakaa mbele, utatuombea, utatushauri."

Mlezi! Kiti cha mbele na soda ya wageni.

"Sitaki kuwa mlezi," nikasema. "Sauti ya nne anaimba nani?"

Wakatazamana. Nilipougua, kila mmoja alipanda ngazi moja, chini pakabaki wazi. Wanaimba watatu.

"Basi nipeni hiyo."

Sikuiweza. Masikio yangu yamezoea kwenda juu. Kila nikifika mstari wa pili najikuta nimemfuata Holo. Akasimamisha wimbo.

"Dada, umerudi kwangu tena," akasema, wala hakucheka.

Nikamwomba anishike mkono, anibane kila nikipotea. Alinibana mpaka vidole vikaniuma. Tukarudia, tukarudia tena. Mwisho tukaimba ubeti mmoja mzima, nikazisikia sauti zao tatu zimekaa juu ya yangu. Miaka yote hiyo sikuwahi kuusikia wimbo wetu kutokea huko chini.

Jumapili tumealikwa Nyashimo. Watu watamsubiri yule wa juu. Watamkuta Holo katikati, mimi pembeni, na wapo watakaonihurumia. Wanihurumie. Nitaimba.

Jioni hii nilikuwa najizoeza jikoni huku nasonga ugali. Mume wangu alikuwa anarudi kutoka kufunga ng'ombe. Nikasikia hatua zake zikisimama uani.

"Nani huyo anaimba humo ndani?"

"Ni mimi, Baba Limi."

Akaketi pale pale uani. Nikaanza ubeti wa pili.