Jani Nililomtupia Ng'ombe

Jumatatu, 10 Machi

Nimekamua. Lita sita tu, ng'ombe ananichezea siku hizi. Nimemkatia majani, nimefagia zizi, nimepeleka maziwa barabarani kwa mkusanyaji. Shingoni nimefunga kitambaa kama kila siku. Kila mtu hapa Machame anajua kuna nini chini yake, na kila mtu anajifanya hajui.

Uvimbe umefika ukubwa wa parachichi changa. Daktari wa mjini amepanga upasuaji Jumanne ya tarehe 25. Wataukata, kisha watapeleka kipande kipimwe. Hakusema ni saratani. Hakusema si saratani. Siku kumi na tano.

Daftari hili halisomwi na mtu, basi naandika wazi. Naogopa.

Jumanne, 11 Machi

Neema amepiga simu. Binti yangu, mwalimu, amepanga chumba Majengo, mjini. Anauliza kama ninasali. Ananiuliza mimi! Mzee wa kanisa mwaka wa kumi na nne huu. Mimi ndiye ninayeitwa kuombea wagonjwa, ndiye ninayefungua ibada za jumuiya, sauti yangu inasikika mpaka ng'ambo ya mfereji. Nimemjibu kwa ukali, halafu nikajuta.

Sikumwambia alichosema daktari kuhusu sauti. Mshipa wa sauti uko karibu na uvimbe. Unaweza kuguswa.

Sikumwambia pia kwamba siku hizi nikipiga magoti hakuna kinachotoka.

Jumatano, 12 Machi

Jumuiya kwa jirani. Mwinjilisti alifundisha habari za wokovu. Kijana mzuri, amesoma, anaongea haraka. Mwishoni akauliza: nani ana hakika kwamba akifa leo anakwenda kwa Bwana? Anyoshe mkono.

Wa kwanza kunyosha ni mimi. Mkono ulikwenda wenyewe, kwa mazoea. Watu kumi na wawili wakanitazama na kunyosha ya kwao.

Nimemdanganya Mungu sebuleni kwa mtu, na chai ya maziwa mkononi.

Kisha tukasali Sala ya Bwana. Tulipofika pale pa kusamehewa kama tunavyosamehe, nikakohoa. Huwa nakohoa hapo. Sasa wanafikiri ni uvimbe. Kabla ya uvimbe nilikuwa nasingizia vumbi. Miaka tisa nakohoa mahali pale pale na hakuna aliyegundua. Mungu amegundua.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua ya kwanza. Zizi limejaa tope. Nimeshindwa kula. Niandike, labda litapungua.

Miaka tisa iliyopita mume wangu alianguka, presha. Mimi nilikuwa kwenye semina ya kwaya, siku tatu. Nilimwachia dawa mezani. Hakuzimeza. Nilirudi nikamkuta hospitali, na hakurudi nyumbani.

Msibani wifi yangu Anaeli, dada yake, alisimama mbele ya watu wote akasema nimemuua kaka yake. Kwamba nilikwenda kuimba nikamwacha afe.  Nilimchukia tangu dakika ile, na ninajua kwa nini. Alisema kwa sauti kile ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nakisema moyoni.

Mwezi mmoja baadaye akaja na isale, jani la kuombea msamaha.

Kwetu isale haikataliwi. Hata kama ugomvi ni wa damu. Mtu akija na jani lile, amelifunga fundo, amelishika mbele yake, unalipokea na ugomvi umekwisha. Huulizi kama amejuta vya kutosha. Marehemu bibi yangu aliipokea kwa mtu aliyemchomea nyumba. Alilia, lakini alipokea.

Anaeli alisimama getini. Alikuwa ametembea kutoka barabara kuu, miguu imejaa vumbi. Nililichukua lile jani mkononi mwake. Aliona nalichukua, uso wake ukafunguka. Nikageuka, nikalitupa horini kwa ng'ombe.

Ng'ombe mwenyewe hakulila.

Nikawasimulia watu. Nikacheka. Hicho kipande cha ng'ombe nilikirudia mara nyingi, kilikuwa kinachekesha. Anaeli alihamia Kiboriloni, anauza ndizi mbivu sokoni. Tangu siku ile hajapanda Machame.

Kama mimi nilikataa kisichokatalika, Mungu ananidai nini? Najua jibu. Nimelihubiri kwa wengine.

Jumapili, 16 Machi

Chakula cha Bwana. Zamu yangu kusaidia mezani. Nilipofika mlangoni nikarudi nyuma. Nikamwambia mzee mwenzangu kichwa kinauma, nikakaa nje chini ya mti wa mgrevilea nikisikiliza wenzangu wakiimba. Niliwahi kusema aliye nje wakati wa meza ana lake. Nilisema hivyo kuhusu mama mmoja, mbele ya watu.

Nimeota nimefika mahali, kuna geti, nimeshika jani, na mtu aliye ndani ananigeuzia mgongo. Nimeamka nimelowa jasho. Si kufa ninakokuogopa. Ni kufika.

Jumatatu, 17 Machi

Nimeamua. Nitamwendea Anaeli. Nimekata isale kwenye mpaka wa kihamba, shamba letu la migomba, jani refu lisilo na doa, nimelifunga fundo. Fundo la kwanza lilikatika, nikaanza upya. Kwa desturi ningetuma mtu mzima wa ukoo atangulie. Nitamtuma nani, na wote niliwachekesha kwa habari ya ng'ombe?

Siku nane zimebaki.

Jumanne, 18 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nilifika Kiboriloni saa nne. Soko limejaa. Nilimwona kabla hajaniona. Amezeeka. Amekaa kwenye kigoda nyuma ya ndizi zake na maparachichi, miwani imefungwa kwa uzi. Nilitoa jani kwenye kitenge, nikalishika kwa mikono miwili, nikasimama mbele yake. Wenye meza za jirani wakaacha kuuza. Watu wa huku wanajua ni nini.

Alilitazama muda mrefu. Mikono yake ilibaki mapajani.

Akasema: "Wifi, la kwangu ulimpa ng'ombe."

Nikasema najua.

Akatazama shingo yangu. "Na leo umekuja kwa sababu unaogopa kufa. Ungekuwa mzima ungekuja?"

 Ningesema ndiyo ningekuwa mwongo, na alikuwa ananiangalia machoni.

"Nenda nalo," akasema. Akamgeukia mteja akaanza kumpimia ndizi.

Nililibeba lile jani mpaka nyumbani. Niliona aibu kulitupa njiani. Sasa najua alivyojisikia siku ile akishuka kilima. Miaka tisa nilikuwa sijui.

Imekataliwa. Basi. Imekwisha.

Jumatano, 19 Machi

Sikwenda jumuiya. Sikukamua mpaka saa mbili, ng'ombe alilia. Siwezi kusali. Nikifumba macho naona mikono ya Anaeli mapajani.

Alhamisi, 20 Machi

Nimekwenda kwa mchungaji. Ni mwanamke, mdogo kuliko Neema, alihamia usharika wetu mwaka jana na nimekuwa nikimwona mtoto. Alikuwa anafua. Aliacha beseni, akanikalisha barazani, nikamwambia yote. Mkono nilionyosha, kikohozi, ng'ombe, soko. Nilitegemea anikemee. Nadhani nilitaka anikemee.

Alifuta povu mikononi. Halafu akauliza: "Mama, ulipomshikia wifi yako lile jani, ulitaka aangalie nini?"

"Jani."

"Si wewe?"

"Akiniangalia mimi nimekwisha."

 Mimi ni mzito wa kuelewa, lakini nilielewa. Nikaanza kulia palepale, kilio kibaya, cha makamasi.

Miaka kumi na minne nimekuwa nikimwendea Mungu na kumwambia aniangalie mimi. Sala zangu, uzee wangu wa kanisa, sauti yangu. Sasa vyote hivyo nimeviona havifai, nikakata tamaa, lakini ilikuwa ni njia ileile, bado nilikuwa namwambia aniangalie mimi.

Mchungaji akasema Yesu ndiye wa kushikwa mbele, kama lile jani. Baba akimwona Mwanawe hageuzi mgongo. Wifi anaweza kukataa, amejeruhiwa, ana haki yake. Baba ameshapokea tangu msalabani. Akasema nisiende tena kumsumbua Anaeli ili nipate amani yangu. Nimsubiri, hata kama ni mpaka kaburini.

Hilo la mwisho liliniuma kuliko yote. Ni kweli.

Ijumaa, 21 Machi

Jana nililala. Leo hofu imerudi tangu alfajiri. Ingekuwa rahisi hivyo kila mtu angekuwa mtakatifu. Labda mchungaji ni mdogo, hajui. Labda mimi nasikia ninachotaka kusikia.

Nimesema kwa sauti zizini: Bwana Yesu, sina kingine. Mara tatu. Ng'ombe akanitazama. Sikuhisi kitu. Nikaendelea kukamua.

Jumamosi, 22 Machi

Nimewaita jumuiya nyumbani. Nimewapikia machalari, ndizi na nyama. Walipomaliza kula nikawaambia nilidanganya siku ile niliponyosha mkono. Nikawaambia na la ng'ombe, safari hii bila kuchekesha.  Mzee mmoja akatazama kofia yake. Mama wa duka, ambaye sijawahi kumsikia akisali kwa sauti, akasema na yeye alinyosha kwa sababu nilinyosha mimi. Mwingine akasema hata yeye.

Nilijua nina kiburi, ila sikujua kinaambukiza.

Tukasali Sala ya Bwana. Sikukohoa. Nilipofika pale pa kusamehe nikayatamka maneno yote.

Jumatatu, 24 Machi

Wodini. Neema amenileta, ameondoka saa ya wageni ilipokwisha, amejikaza mpaka mlangoni. Nimeweka sahihi karatasi ya kukubali upasuaji. Mkono ulitetemeka, sahihi imetoka kama ya mtoto wa darasa la kwanza.

Naogopa usingizi wa dawa. Naogopa kisu. Naogopa kuamka bubu. Nimekwenda chooni mara nne.

Nimejaribu kusali kama zamani, nikajikuta naanza kuorodhesha: miaka kumi na minne, wagonjwa niliowaombea. Nikaacha katikati. Nikaanza upya. Nimekuja na Mwanao, mwangalie yeye. Nikaishia hapo.

Jumanne, 25 Machi

Asubuhi. Wamekuja kunichukua. Hofu ipo. Na Yesu yupo.

Alhamisi, 27 Machi

Niko hai. Sauti hakuna. Nikijaribu inatoka hewa tu. Daktari anasema huenda itarudi, huenda isirudi kama ilivyokuwa. Jana sikuweza kushika kalamu.

Saa ya wageni leo alikuja mtu nisiyemtegemea. Nilimtambua kwa miwani yenye uzi. Neema alimpisha kiti, akamwamkia, "Shikamoo shangazi," huku amenikodolea mimi macho. Anaeli hakukaa. Alitoa hotpoti kwenye kapu, akafungua, mvuke wa mtori wa ndizi ukapanda, akanimiminia kikombeni.

Akasema: "Bado sijakusamehe. Kunywa kwanza, usije ukapoa."

Nilitaka kusema mambo mengi. Zamani ningeyasema, na kwa ufasaha. Sikuwa na sauti. Nikanywa. Kila funda liliwaka kooni kama moto. Machozi yalikuwa yanadondokea kwenye kikombe na aliyaona. Alisimama mpaka nikamaliza, akachukua hotpoti yake, akasema kesho ana zamu ya mzigo sokoni, atakuja Jumamosi. Kisha akaondoka bila kuaga.

Sikumwomba kitu. Ni mara ya kwanza nimekaa naye bila kutaka kitu kutoka kwake.

Jumamosi, 29 Machi

Anaeli alikuja na mtori kama alivyosema. Majibu ya kipimo ni baada ya wiki mbili. Daktari amerudia yaleyale, hakusema ndiyo, hakusema hapana. Neema alitoka nje kulia. Mimi nikakaa.

Mgonjwa wa kitanda cha pili, bibi mmoja Mkatoliki wa Kibosho, amesikia mimi ni mzee wa kanisa. Keshokutwa ni zamu yake ya kukatwa. Akaomba nimwombee. Nikamwonyesha shingo, nikatikisa kichwa. Akasema haidhuru, nikae tu. Nikasogeza kiti, nikamshika mkono, ulikuwa wa baridi na unatetemeka kama wangu wa Jumatatu. Tulikaa hivyo karibu saa nzima. Sikutamka hata neno moja, na sikuona kwamba Mungu amepungukiwa.

Alipotulia akaniuliza kwa sauti ndogo kama na mimi naogopa. Nikachukua kalamu, nikaandika nyuma ya bahasha ya dawa, herufi kubwa apate kuzisoma.

Majibu nayaogopa. Mungu simwogopi tena.

Akasoma polepole, akaikunja bahasha, akaiweka chini ya mto wake.