Bibi Alipohamia Jikoni

Ijumaa, baada ya Magharibi

Na kweli ana moyo, bibi yangu. Zama za ukoloni aliwaongoza wanawake wa Mombasa kukalia viti vya Wazungu hospitalini, akafungwa jela. Nilikuwa nasimuliwa tu. Leo nimeona kwa macho yangu.

Mke wa bosi wa mume wangu alikuja kula nasi mchana. Bibi akamwita Achieng, mfanyakazi wetu, tule naye sinia moja. Mgeni akanuna.

"Hapa si pahala pake huyu."

Bibi akainuka na mkongojo wake. "Basi hata mimi si pahala pangu. Achieng mwanangu, twende jikoni."

Nikabeba sinia, nikawafuata. Mgeni akaondoka bila kuaga.

Nnaogopa mume wangu atanyimwa cheo. Nimemweleza yote. Akaniuliza tu: "Bibi kashiba?"