Mtandao wa Temenuga

Lyuben,

Samaki yumo kwenye oveni, usimwache akauke. Matawi unayoleta kutoka kanisani yatundike mlangoni. Wageni watakuja bila kualikwa, si leo ni Jumapili ya Matawi, sikukuu ya jina kwetu sote wenye majina ya maua? Yangu mimi, Nevena. ~~Na ya yule wa ghorofa ya juu.~~ Na ya Temenuga. Haya, nimemtaja.

Asubuhi nikifagia nyuma ya runinga nilichomoa waya wa intaneti wa kile kikompyuta chako cha Linux kinachotupigia redio. Nikajua redio itanyamaza. Wapi! Ikaendelea kuimba. Nikakumbuka ulivyojitapa: "Waya kwanza, mke wangu. Ukikatika, kinahamia waifai chenyewe."

Waifai ipi, Lyuben? Humu ndani tuna waya tu! Nikawasha skrini, nikaona: "Temenuga", na pasiwedi yake umeshaihifadhi.

Nikamwita kutoka roshani. Akacheka: "Pasiwedi? Nilimpa tangu Krismasi, shoga. Mumeo ana adabu jamani!"

Adabu! Sikukuu yangu hukumbuki mpaka mama yako akupigie simu, lakini pasiwedi yake unayo kichwani. Kumbe mimi nikichomoka tu, kuna wa akiba.

Waya sijaurudisha. Nimepanda kwake, maana leo hata mimi sihitaji mwaliko. Keki nimeibeba yote. Wageni wangu waambie mwenye sikukuu yuko juu. Nawe ukitaka kunipongeza, ngazi unazijua, na pasiwedi unayo.

Mkeo, wa waya