Kuyu wa Matanga Yako

Baba Skola,

Huko uliko kaa vizuri unisikilize, maana leo nina la kujivunia, na unajua mimi nikianza sinyamazi.

Jumamosi tumeanua matanga yako. Watu walijaa hadi barabarani. Mdogo wako akaja kutoka Kirando na gunia la dagaa, akasema hilo linatosha. Nikamwambia, "Shemeji, marehemu alikuwa mtu wa mto. Anaagwa kwa kuyu wa mtoni, si kwa samaki wa ziwa." Akacheka: "Na huyo kuyu atavuliwa na nani? Aliyejua kumvua mmeshamzika."

Binti yetu Skola akainuka. Akachukua ufito wako wa kuvulia ukutani na lile bua la mahindi nililokuwa nakukaushia juu ya jiko, akakata chelezo cha kuelea.

Nikamfuata hadi chini ya maporomoko, pale maji yanapochemka kati ya mawe. Baba yake mdogo nyuma yetu: "Binti, hapo utavua povu!" Chelezo kikashuka na maji, kikazama, akavuta haraka. Ndoana tupu. Tena, tupu. Nikashika rozari. Tungerudi mikono mitupu kwa dagaa wa shemeji, uso ningeuficha wapi? Halafu nikamsikia anajisemea maneno yako yaleyale: "Mwache aonje. Hata mgeni hali kabla ya kuketi." Kikazama. Akasubiri. Mimi roho juu. Ndipo akavuta.

Mume wangu, kuyu yule! Mrefu kama mkono wangu hadi kwenye kiwiko. Haya, karibu na kiwiko. Shemeji alivua kofia.

Tukampika kwa nyanya, na ugali wa ulezi. Kichwa nikakiweka kwenye sahani yako kama siku zote. Watu wakakitazama tu, hakuna aliyenyoosha mkono. Na mimi nikawa... basi. Nikakisukuma kwa Skola. "Kula, mama. Sasa ni chako." Akala hadi macho, akanyonya mifupa kwa kelele, kama wewe kabisa!

Pumzika, mpenzi wangu. Juu ya jiko nimeshapanga mabua mapya, na kila mavuno nitayapanga, hadi siku nitakapokufuata. Skola anayamaliza upesi, mawe yanamnyang'anya vyelezo. Nawe ulianza hivyohivyo. Ulidhani nimesahau?

Mkeo,
Mama Skola