Koti la Yosr

Bizerte, Jumapili

Dada Saloua,

Pilipili ya kusaga uliyotuma imefika, kali kama ulimi wako. Shemeji yako bado yuko na samaki wake sokoni, anakusalimu.

Siku za karibuni Yosr alikuwa akitoka shule anatembea mgongo ukutani. Alhamisi nikamvua lile koti la sare. Mgongoni wasichana wenzake wa darasani wameandika kwa wino: "Mnuka samaki." Kumbe kila wakiandika, mtoto analifua mwenyewe kimya kimya, nao wanaandika tena!

Nikalipeleka kwa mwalimu mkuu. Mama mzima akacheka.

"Mama Yosr, huo utani tu wa watoto. Atazoea."

Azoee! Damu ilinichemka, dada. Nikalitandaza koti mezani pake.

"Kama ni utani, mwalimu, jitupie mabegani uzunguke nalo uwanjani, tucheke wote."

Akarudisha kiti nyuma. "Aa, jamani, wanafunzi wataniona!"

"Na mwanangu, hawamwoni?"

Hapo kicheko kikamkauka. Kesho amewaita wazazi wa wale wasichana.

Koti sijalifua.

Mdogo wako,
Mongia